Mali ya Pamoja Iliyo Ng'ambo: Talaka, Mauti na Istilahi za Umiliki, kwa Mfano wa Kariokor, Nairobi

1. Utangulizi

Mtaa wa Kariokor, ulioko upande wa mashariki wa Nairobi karibu na Ngara, Ziwani na Pumwani, una jina ambalo ndani yake mna deni. Jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichoundwa Nairobi mwezi wa Agosti 1914 chini ya Oscar Watkins, na ambacho kambi yake ilikuwa mahali hapo. Dar es Salaam nayo, baada ya kutekwa na Waingereza mwaka 1916, ilipata Kariakoo yake kwa njia hiyo hiyo. Wanaisimu wamezoea kuyataja majina haya mawili kama mfano wa utohozi: neno moja la kigeni limepita katika vinywa vya watu wa miji miwili, likatoka na maumbo mawili. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba wenye jina hilo waliacha mali yao katika nchi ya mbali, na kwamba wengi wa warithi wao hawakuipata.

Makala haya yanafuatilia swali moja. Mtu anapofariki, au ndoa yake inapovunjika, na mali aliyoishika pamoja na mwenzake iko ng'ambo, ni kitu gani kinachoamua mali hiyo iwe ya nani? Historia ya Kariokor na mitaa jirani inatoa majibu matatu. La kwanza ni kwamba mali humfuata mtu, yaani dini yake, ukoo wake na mila yake. La pili ni kwamba mali hufuata ardhi ilipo. La tatu ni kwamba mali hufuata jina lililoandikwa katika daftari. Majibu haya hayakupokezana kama tawala zipokezanavyo. Yote matatu yapo hadi leo, na mara nyingi yanagombana juu ya nyumba ile ile. Itaonekana kwamba fungu la maneno "mali ya pamoja", litumikalo katika mazungumzo na katika hati nyingi za Kiswahili, linauficha ugomvi huo badala ya kuueleza, na kwamba mficho huo una gharama kwa wajane, kwa walioachwa na kwa watoto.

2. Wapagazi na mali iliyobaki mbali

Neno "ng'ambo" maana yake ya asili si Ulaya. Ni upande wa pili wa maji, kama lilivyo jina la sehemu ya mji wa Unguja iliyokuwa ikitenganishwa na Mji Mkongwe na mkono wa bahari. Kwa mpagazi aliyetolewa kijijini na kupitishwa kambini Nairobi, ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa mpaka, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, ambako vita vilipiganwa. Amri ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuandikishwa kwa lazima. Na mwaka 1917 John Ainsworth aliongoza uandikishaji mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Waliokufa walihesabika kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria kuliko risasi.

Kila mpagazi alikuwa na mshahara wa rupia chache kwa mwezi, na sehemu kubwa ya mshahara huo iliwekwa ili alipwe amalizapo muda wake. Kwa hiyo aliyekufa safarini aliacha mali mikononi mwa serikali. Kisheria mali hiyo ilikuwa ya warithi wake. Kiutendaji ilikuwa ya jina lililoandikwa katika kadi yake, na hapo ndipo shida ilipoanza. Jina moja liliandikwa kwa tahajia tatu na makarani watatu. Mtu aliyeitwa kwa jina la baba yake huko kwao aliandikwa kwa jina la chifu aliyempeleka, au kwa lakabu aliyopewa njiani. Mkewe, aliyekuwa akimngoja nyumbani, hakuwa na hati yoyote ya ndoa. Mahari iliyolipwa kwa mifugo haikuacha karatasi. Zaidi ya hayo, mila za jamii nyingi zilimweka mjane chini ya ulinzi wa ndugu za marehemu, hata ikawa si rahisi kwa karani kusema kama fedha zilikuwa za mjane, za mtoto wa kwanza au za ndugu wa mume.

Vita vilipokwisha, Watkins alijishughulisha na suala la mishahara isiyolipwa. Mjadala uliendelea kwa miaka baina ya Nairobi na London, na wakati huo hata sarafu iliyoandikwa katika kadi zile ilikwisha kuachwa: rupia ilibadilishwa kuwa florin mwaka 1920, na florin ikaipisha shilingi mwaka 1921. Sehemu kubwa ya fedha haikuwafikia warithi. Hata makaburi hayakuwa na majina. Mwaka 2021 Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Funzo la kwanza la Kariokor, basi, ni hili: haki ya mrithi yaweza kuwa wazi kabisa kwa mila na kwa sheria, na bado ikapotea kwa sababu jina halikuandikwa, au liliandikwa vibaya, mahali palipo mbali na mwenye haki.

3. Sheria inayomfuata mtu

Baada ya vita, jirani ya kambi ya zamani, serikali ilianzisha kijiji cha Pumwani kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wakiishi katika vijiji vya kale vya mjini. Kariokor yenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1920, ikajengwa nyumba za baraza la mji za kupangisha. Tofauti ya mitaa hii miwili ni muhimu. Kariokor mkazi alikuwa mpangaji tu. Pumwani mtu aliweza kujenga na kumiliki nyumba, ingawa ardhi ilibaki ya mji. Kutokana na hayo, mali ya mkazi wa Kariokor ilikuwa daima mahali pengine: shambani kwao, katika mifugo ya nduguye, na katika nyakati za karibuni zaidi, Uingereza, Marekani au nchi za Ghuba. Kutenganishwa kwa makao na mali hakukuanza na watu kusafiri kwa ndege. Kulianza na sera ya ukoloni iliyomhesabu Mwafrika kuwa mgeni wa muda mjini.

Miongoni mwa wenye nyumba wa Pumwani wanawake walikuwa wengi, kama zilivyoonyesha tafiti za Janet Bujra na Luise White. Baadhi yao walikuwa wameacha au kuachwa na waume, na wengi walisilimu. Uislamu uliwapa jamaa mpya mjini, na pia uliwapa sheria ya mali iliyo tofauti na mila za makwao. Katika sheria hiyo ndoa haichanganyi mali. Alicho nacho mke ni chake, na alicho nacho mume ni chake. Mtu anapofariki, mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa: mke hupata thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha, mume hupata robo au nusu kwa kipimo hicho hicho. Wasia hauwezi kuzidi theluthi, na haumpi mrithi juu ya fungu lake ila kwa ridhaa ya warithi wenzake. Talaka nayo ina hesabu yake. Mke aliyeachwa kwa talaka rejea, mume akifa eda haijaisha, hurithi. Eda ikiisha, hana fungu.

Sheria hii imeandikwa kwa Kiswahili tangu zamani. Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy wa Tanga alitunga Mirathi, kilichochapishwa mwaka 1923 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya P. E. Mitchell, na pia Nikahi, ambacho tafsiri yake ya J. W. T. Allen ilitoka mwaka 1959. Kwa hiyo msomi hawezi kusema kwamba Kiswahili hakina lugha ya mali na mauti. Mirathi, wasia, fungu, eda, wakfu, hiba na amana ni istilahi zilizokomaa.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba sheria hii humfuata mtu popote aendapo. Mfano unaojulikana sana ni wa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na Heinrich Ruete huko Aden mwaka 1867, akabaki mjane Ujerumani mwaka 1870. Mwaka 1885 alirudi Unguja kudai urithi wake, na Sayyid Barghash hakumkubalia. Mali ilikuwa Unguja, yeye alikuwa mkazi wa Ujerumani, lakini hoja haikuhusu mahali. Ilihusu nafsi: aliyetoka katika dini hamrithi aliyemo.

4. Sheria inayoifuata ardhi

Waingereza walileta kanuni nyingine. Mwaka 1893 mahakama ya juu ya London, yaani Baraza la Makabaila, iliamua shauri la British South Africa Company dhidi ya Companhia de Moçambique. Kampuni mbili ziligombana juu ya ardhi na migodi ya Manica, na mahakama ikasema kwamba haina mamlaka ya kuamua ni nani mwenye ardhi iliyo katika nchi ya kigeni. Kanuni hiyo ilizaliwa katika udongo wa Afrika na kupewa jina la Msumbiji, lakini athari yake imeenea katika nchi zote zilizopokea sheria ya Uingereza. Ardhi huamuliwa na mahakama za nchi ilimo ardhi hiyo.

Kenya iliipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Katika sheria za jumla zilizoingia kwa mlango huo imo Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya 1882, na mahakama ya Nairobi ilithibitisha hivyo mwaka 1971 katika shauri liitwalo I dhidi ya I. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo: kwa zaidi ya miaka arobaini baadaye, Wakenya walioachana waligawanywa mali kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya wanawake wa Uingereza ya Malkia Victoria. Sheria hiyo ilikoma kutumika Kenya pale Bunge lilipotunga Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013.

Kwa upande wa mauti, Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu chake cha nne kinaigawa mali kwa aina. Mali isiyohamishika iliyo Kenya hutawaliwa na sheria ya Kenya, hata kama marehemu alikuwa na makazi yake ya kisheria ng'ambo. Mali inayohamishika, kama vile fedha, hutawaliwa na sheria ya nchi ya makazi ya kisheria ya marehemu siku alipofariki. Ndipo hutokea kwamba mtu mmoja anaacha urithi mmoja na sheria mbili: nyumba yake ya Nairobi huenda njia hii, na fedha zake za benki huenda njia ile. Kwa Waislamu, marekebisho ya mwaka 1990 yaliurejesha urithi wao katika sheria ya dini yao. Hapo sheria imfuatayo mtu ilirudi ndani ya sheria iifuatayo ardhi, na zote mbili sasa zinaishi katika kitabu kimoja.

Sheria hiyo imeweka pia daraja. Hati ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama ya nchi ya Jumuiya ya Madola, au ya nchi nyingine iliyotangazwa rasmi, yaweza kupelekwa Mahakama Kuu ya Kenya ikapigwa muhuri upya, na ikawa na nguvu kana kwamba ilitolewa hapa. Anayesimamia mirathi asipoijua njia hii huanza kesi mpya kwa kila nchi, na mali huliwa na gharama.

5. Talaka na maana ya mchango

Talaka imekuwa na historia yake mahakamani, na kiini cha historia hiyo ni neno moja: mchango. Katika shauri la Karanja dhidi ya Karanja, lililoripotiwa mwaka 1976, mume alijitetea kwa mila kwamba mke hawezi kumiliki ardhi. Jaji hakukubali, akaona kwamba mshahara wa mke uliotumika nyumbani ulikuwa mchango katika mali iliyoandikwa kwa jina la mume. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ilitumia dhana ya mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja; na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Kenya haikufuata njia iliyonyooka. Katika shauri la Kivuitu, lililoripotiwa mwaka 1991, nyumba iliandikwa kwa majina ya wote wawili, na Mahakama ya Rufani ikampa mke nusu. Mwaka 2007, katika shauri la Echaria dhidi ya Echaria, shamba lilikuwa kwa jina la mume, na mahakama hiyo hiyo ikampa mke robo tu. Shauri hili la pili linahusu ng'ambo moja kwa moja. Mume alikuwa balozi, na mke alikuwa amefuatana naye katika kazi hiyo. Majukumu ya mke wa balozi, pamoja na mapokezi na malezi yote, hayakuhesabiwa kuwa mchango katika kulinunua shamba. Ukilinganisha mashauri haya mawili, utaona kwamba tofauti kubwa haikuwa katika jasho la wake wale. Ilikuwa katika majina yaliyosomeka kwenye hati.

Katiba ya 2010, ibara ya 45, inawapa wanandoa haki sawa wakati wa ndoa na wakati inapovunjwa, na sheria ya 2013 inautambua mchango usio wa fedha, zikiwamo kazi za nyumbani na malezi ya watoto. Hata hivyo Mahakama ya Juu, mwezi wa Januari 2023, iliamua kwamba haki sawa haina maana ya nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja sharti athibitishe mchango wake. Kwa aliyeishi ng'ambo, kuthibitisha ni kutafuta risiti na taarifa za benki za miaka mingi, katika nchi ambako pengine hana tena ruhusa ya kuingia.

6. Daftari na jina

Yamebaki maelezo ya jibu la tatu, ambalo ndilo lenye nguvu kuliko yote na ndilo lisiloeleweka sana. Sheria ya Uingereza inatambua namna mbili za watu wawili kumiliki nyumba moja. Katika namna ya kwanza, kila mmoja ana fungu lake. Akifa, fungu lake huenda kwa warithi wake. Katika namna ya pili hakuna mafungu. Wote wawili ni kama mtu mmoja, na mmoja akifa, nyumba yote hubaki kwa aliye hai, bila mirathi na bila wasia. Kenya ilizipokea namna zote mbili katika Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, na zimo katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ambayo imeiwekea mipaka namna ya pili: isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama, wanaoweza kuiunda upya ni mume na mke tu.

Ili uzito wa jambo hili uonekane, na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mume na mke Waislamu waliozaliwa Kariokor wanahamia Leicester, wananunua nyumba, na hati inaandikwa kwa namna ya pili. Baada ya miaka wanaachana. Talaka inatolewa, eda inaisha, kila mtu anakwenda njia yake, wala hakuna anayekwenda kuibadili hati. Mume anarudi Nairobi, anaoa tena, anapata mtoto wa kiume na wa kike, kisha anafariki.

Kwa mtazamo wa mirathi, nusu ya nyumba ya Leicester ilikuwa ya marehemu. Igawanywe mafungu 24: mjane apate 3, mwana wa kiume 14 na binti 7. Mke wa kwanza abaki na nusu yake, wala asirithi kitu. Familia iliyoko Nairobi itakaa na kadhi, itapiga hesabu hii na kuridhika nayo. Lakini daftari la Uingereza halina habari ya hesabu hiyo. Talaka peke yake haivunji umiliki wa namna ya pili. Hudumu mpaka mmoja autenganishe. Mume alipofariki, nyumba yote ikawa ya mke wa kwanza, na mjane na watoto hawana hata fungu moja la ishirini na nne. Tangu 1975 sheria ya huko imewapa wategemezi njia ya kuiomba mahakama ilirudishe fungu la marehemu katika mirathi, lakini ni ombi, lina muda mfupi, na halipo kwa marehemu ambaye makazi yake ya kisheria yalikuwa Kenya.

Mfano huu waweza kugeuzwa, na dhuluma ikageuka nayo. Kama nyumba iliandikwa kwa jina la mume pekee, mke wa kwanza aliyelipa nusu ya bei ndiye atakayesimama nje, akingojea kumshitaki marehemu. Kwa hiyo haifai kusema kwamba daftari linamwonea mwanamke au mwanamume. Linamwonea asiyelisoma.

Linaloudhi zaidi ni wepesi wa dawa yake. Uingereza, tangu sheria ya mali ya 1925, mmiliki mmoja aweza kuugeuza umiliki wa namna ya pili kuwa wa mafungu kwa kumpa mwenzake taarifa ya maandishi. Kenya, chini ya sheria ya 1963, wamiliki walipaswa kukubaliana na kutia saini hati ya kutengana. Karatasi moja, iliyotiwa saini wakati wa talaka, ingalitosha kuepusha miaka ya mashitaka baada ya mauti.

7. Suala la istilahi

Hapa swali la historia linakuwa swali la lugha. Mtu wa Kariokor akiulizwa nyumba ile ni ya nani, atajibu: "Ni ya pamoja." Jibu hilo ni sahihi kwa namna zote mbili, na kwa sababu hiyo halitoshi. Neno "pamoja" laeleza hali ya kushirikiana; halisemi kama mna mafungu, wala halisemi itakuwaje mmoja akifa.

Maneno mengine yaliyopo nayo yana mielekeo yake. "Ubia" unaelekea biashara na faida. "Shirika" lilikuwa na maana ya kushiriki katika kitu, lakini matumizi ya sasa yamelivuta kuelekea taasisi. "Hisa" imechukuliwa na makampuni. "Fungu" ndilo lililobaki na maana ya sehemu ya mrithi, kwa sababu limelindwa na elimu ya mirathi. Hali hii si ya bahati mbaya. Kiswahili kina maneno ya umiliki wa mafungu kwa kuwa sheria iliyokilea haikujua umiliki mwingine. Dhana ya kwamba aliyesalia hutwaa vyote haimo katika sheria ya Kiislamu. Na kwa hiyo, mzungumzaji asikiapo "mali ya pamoja", akili yake humtafsiria kuwa mafungu, ilhali hati ya Kiingereza aliyotia saini husema kinyume. Maneno yake na saini yake ni vitu viwili, naye hajui.

Kazi ya kukusanya istilahi za sheria kwa Kiswahili ilianza Dar es Salaam katika miaka ya 1960, wakati Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967. Haja yake sasa ni kubwa zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, imekifanya kuwa lugha ya mahakama. Istilahi isiyotofautisha namna hizi mbili za umiliki haitakuwa tena upungufu wa kamusi tu. Itaingia katika hukumu.

Yafaa, basi, namna ya kwanza iitwe "umiliki wa mafungu", na ya pili "umiliki wa mwenye kusalia". Istilahi ya kwanza inatumia neno lililokwisha kukomaa. Ya pili inataja tukio lenyewe linaloitofautisha, yaani kusalia, na inamlazimu anayeisikia kuuliza: asalie nani? Swali hilo ndilo ambalo karani wa ardhi, wakili na kadhi wangepaswa kuulizwa kabla ya saini. Kitendo cha kuihamisha mali kutoka namna ya pili kwenda ya kwanza chaweza kuitwa "kutenga mafungu". "Mali ya pamoja" libaki kuwa neno la jumla la mazungumzo, wala lisitumike peke yake katika hati.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba watu hawasomi kamusi, na kwamba istilahi mpya haitamsaidia mjane wa Kariokor. Pingamizi hili lina ukweli, lakini linasahau njia ambayo istilahi hupita. "Eda" na "mirathi" hayakuenea kwa kamusi; yalienea kwa sababu kadhi aliyatumia mbele ya watu ambao jambo liliwahusu, kesi baada ya kesi. Istilahi za daftari zitaenea kwa njia hiyo hiyo, ikiwa zitatamkwa mbele ya watu siku ya kununua na siku ya kuachana, badala ya kungojea siku ya msiba.

8. Hitimisho

Sheria imfuatayo mtu, sheria iifuatayo ardhi na daftari lifuatalo jina ni mambo matatu ambayo hakuna moja lililolifuta jingine. Mkazi wa Kariokor mwenye mali ng'ambo yuko chini ya yote matatu kwa wakati mmoja. Katika karne iliyopita mjane wa mpagazi alishindwa kupata rupia za mumewe kwa sababu jina lililoandikwa halikulingana na jina lililojulikana nyumbani. Katika karne hii mjane wa msafiri aweza kushindwa kwa sababu jina limeandikwa sawasawa, lakini pamoja na jina jingine, kwa namna ambayo lugha ya nyumbani haijaipa jina. Hasara ya kwanza ilitokana na uzembe wa makarani na ubaridi wa serikali, nayo imepita mikono ya wasomi wa lugha. Ya pili kwa sehemu fulani imo mikononi mwao.